Pima mzigo kabla ya kununua springi: kuinua 4x4 ya kwanza na kuifungia betri ya pili

Mwenye 4x4 yake ya kwanza karibu kila mara huanza na springi, kwa sababu ndizo zinazoonekana. Betri ya pili ya kulishia vifaa hufuata, halafu friji, droo za nyuma, bampa la chuma. Gari linalala tena pale pale lilipokuwa, na springi zinanunuliwa mara ya pili.

Anza upande wa pili. Orodhesha kila kitakachokaa garini siku zote, si mzigo wa safari moja. Betri ya AGM (iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya ampea-saa 100 ina kilo 30 hivi. Bampa la chuma na winchi yake hukaribia kilo 100, na zote zinakaa mbele ya ekseli. Springi huuzwa kwa madaraja ya uzito huo wa kudumu, na jumla yako ndiyo inayochagua daraja. Springi ya mzigo mkubwa kwenye gari tupu ni adhabu: nyuma linaruka kama mkokoteni na tairi zinaachia barabara kwenye kona mbovu.

Kuhusu kimo, mm 50 zinatosha. Ukizidi hapo, kila milimita inadai kipuri kingine. Kabla ya kugusa nati yoyote, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipimie kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya.

Gari likae juu ya stendi zilizowekwa chini ya chesisi, jeki ibaki ya kushusha na kupandisha ekseli tu. Kama mbele kuna koili iliyovikwa kwenye shokapu, nati ya juu haifunguliwi mpaka koili ibanwe kwa kifaa chake. Ile koili imeshika nguvu ya kuvunja taya. Huna kifaa? Peleka kwa mwenye nacho, kazi nyingine zote fanya mwenyewe.

Kosa linaloua kazi nzuri ni kukaza bolti za bushi (vikombe vya mpira kwenye maungio ya mikono ya springi) gurudumu likiwa linaning'inia. Bushi ya mpira haizunguki: bomba lake la ndani linashikwa na bolti, mpira unajipinda tu na kurudi. Ukikaza hewani kisha ukashusha gari, mpira unakaa umesokotwa muda wote. Gari linasimama juu kuliko linavyopaswa, unafurahi, kisha baada ya miezi michache mpira unachanika. Kaza kwa mkono kwanza, shusha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo, kwa namba za kitabu cha gari. Yubolti (bolti zenye umbo la U) za springi za nyuma ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Zikaze kwa kukingamisha, kidogo kidogo.

Kuinua huvuruga mambo ambayo kwenye picha hayaonekani. Ekseli nzima ya mbele inapoinuliwa mm 50, pembe ya kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) hupungua kwa nyuzi 2 hivi. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe, na gari linatangatanga kwenye mwendo. Dawa yake ni bushi za kurekebisha kasta, wala si kukaza boksi ya stelingi. Fito ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isihame kulia au kushoto, nayo huivuta pembeni, hivyo pima kama magurudumu yametokeza sawa kulia na kushoto. Gari lenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea halina shida hiyo, ila sivi jointi (maungio ya shafti za magurudumu) hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na mipira inayozifunika huanza kusagika.

Acha magurudumu yaning'inie, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, na utazame mipira ya breki na nyaya za ABS. Ukiona mpira umekaza kama uzi wa kuanikia nguo, ni mfupi. Magari mengi ya mizigo yana vali ya breki ya nyuma yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli. Gari likiinuka, vali inadhani hakuna mzigo na inapunguza breki za nyuma, kwa hiyo mkono huo urekebishwe pia. Alaimenti na taa za mbele humalizia.

Sasa umeme. Kabla ya kuchagua kifaa cha kuchajia betri ya pili, pima volti za betri ya kuwashia injini baada ya gari kutembea nusu saa, injini ikiwa bado inawaka. Zikikaa kati ya 13.8 na 14.4, rilei ya kuunganisha betri mbili inatosha: hufunga mzunguko karibu na volti 13.3 na kuukata karibu na 12.8. Zikishuka na kupanda, altaneta inaongozwa na kompyuta na rilei itakata betri yako ikiwa bado na njaa. Hapo nunua kichaja cha DC kwenda DC, kinachopandisha volti za altaneta hadi zile betri ya pili inazotaka. Betri ya lithiamu inataka kichaja chenye mpangilio wake, na isikae kwenye joto la injini. Betri ya maji isikae ndani ya kabini, kwa sababu inapochajiwa hutoa haidrojeni.

Usibane pesa kwenye waya. Kichaja cha ampea 25 kikiwa mita 5 kutoka betri ya kwanza, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa shaba ya mm² 6 unapoteza volti 0.73; kwa mm² 16 unapoteza 0.27 tu. Na uliza milimita za mraba za shaba, maana waya wa magari mara nyingi huandikwa unene pamoja na ganda lake.

Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza, urudishe mwisho. Waya chanya unaounganisha betri mbili una chanzo cha umeme kila mwisho, hivyo kila mwisho unahitaji fyuzi, isizidi sentimita 20 kutoka betri. Kwa kichaja hicho ampea 40 zinafaa. Unapotoboa ukuta wa injini, pitisha waya kwenye mpira wa tundu, la sivyo mtikisiko utakata ganda. Sehemu ya ethi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga, kisha paka grisi.

Kichaja kikifanya kazi kwa nguvu zote, weka mita kati ya chanya ya betri ya kwanza na chanya ya kuingilia kichaja. Kwa waya wa mm² 16, ikisoma zaidi ya volti 0.2, kuna terminali haijabanwa vizuri. Gusa moja moja, iliyo ya moto ndiyo yenyewe. Baada ya kilomita 500 kaza tena yubolti na mikanda ya betri, upime habu hadi madigadi upya. Springi mpya hulala milimita chache, na upande mmoja ukilala zaidi ya mwingine angalia kwanza kama koili imekaa sawa kwenye kikombe chake.