Mama Alipofika kwa Meenakshi

Mwaka 2019 nilimpeleka mama Madurai, kusini mwa India, akatolewe mtoto wa jicho. Alhamdulillah mambo yalikwenda salama, ila daktari akataka tukae kwanza kabla ya kupanda ndege. Kumfungia mama yangu nyumba ya wageni si mchezo. Mtu wa Tanga, kazoea baraza na watu. Haukupita muda alishaanza kuwaelekeza wahudumu namna ya kukunja mashuka. Dirishani kwetu ulionekana mnara uliopita mapaa yote, umejaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi juu. Nikamwambia ndiyo hekalu la Meenakshi, mungu wa kike wa Wahindu.

"Nitakwenda kuangalia," akasema. "Siendi kuabudu. Naangalia tu."

Tukaenda jioni, yeye na buibui lake na miwani meusi ya hospitali. Viatu unaacha nje, na simu pia: Februari 2018 moto uliunguza sehemu karibu na lango la mashariki, na baada ya hapo mahakama ikapiga marufuku simu ndani. Tukapata mzee wa kutuongoza, mwembamba, kajipaka mistari ya majivu kwenye paji la uso. Kiingereza chake kilikwenda mbio, nami nikawa mkalimani.

Alituketisha kwenye ngazi za bwawa la yungiyungi la dhahabu, akaanza. Palikuwa na mfalme wa ukoo wa Pandya asiye na mtoto. Akafanya tambiko akiomba mwana wa kiume, na katika moto wa tambiko akatoka mtoto wa kike, ndiye Meenakshi, tena mwenye matiti matatu.

"Astaghfirullah," mama akasema, akasogea karibu zaidi.

Wazazi wakaambiwa wasihofu, wamlee kama mrithi wa kiti. Titi la tatu litatoweka siku atakapokutana na mume wake. Binti akafundishwa vita, akatawala, akapiga wafalme pande zote mpaka akafika Kailasa, mlimani kwa mungu Shiva. Huko, kumtupia jicho tu, titi likatoweka na upanga ukamlegea mkononi. Shiva akamfuata Madurai, wakaoana, akatawala hapo kwa jina la Sundareswarar.

"Kwa hiyo bwana kahamia ukweni," mama akasema.

Mzee alipotafsiriwa alicheka sana. Akasema ndivyo hasa: mwenye mji ni mke. Waumini humsalimu Meenakshi kwanza ndipo waende kwa mumewe, na kila usiku bwana ndiye anayebebwa kwa machela hadi chumbani kwa bibi. Watu wa huko hata hutaniana, nyumba yako ni Madurai au Chidambaram? Chidambaram, kwenye hekalu kubwa la Shiva, bwana ndiye anayetawala. Mama akajibu bila kuulizwa kwamba yetu ilikuwa Madurai. Marehemu baba hakuwepo kujitetea.

Bwawa lile lina hadithi yake. Inasemwa washairi wa zamani wa Kitamil walileta kazi zao hapo. Iliyo njema ilielea, mbovu ikazama. Nawaza mitandao yetu ya leo ingebaki na nini.

Historia ya jengo mzee aliipitia harakaharaka. Mwaka 1311 jeshi la Delhi chini ya Malik Kafur lilipora Madurai, na mengi tunayoyaona leo yalijengwa na watawala wa Nayak katika karne ya 16 na ya 17. Minara iko 14, na ule wa kusini unapita mita 50. Ukumbi wa nguzo elfu una nguzo 985. Mama alitaka kujua hizo 15 zimeliwa na nani.

Kisha tukafika kwenye kibao: kupita hapo ni Wahindu tu. Sanamu ya Meenakshi mwenyewe, yule anayesifiwa kwa macho yake yenye umbo la samaki, iko ndani huko. Mama akasimama, akakitazama kibao, akaniambia niulize kama wao kwa wao wanaingia wote. Mzee akanyamaza kidogo. Akasema hapana, zamani si wote. Waliohesabiwa tabaka la chini walizuiwa mpaka tarehe 8 Julai 1939, mwanaharakati Vaidyanatha Iyer alipowaingiza. Gandhi mwenyewe alikuwa amekataa kuingia mpaka wao waruhusiwe, na aliingia mwaka 1946.

"Basi na mie nitasubiri zamu yangu," mama akasema, tukageuka.

Mahali alipokaa sana ni kwenye nguzo moja iliyochongwa harusi ile. Bibi harusi yuko katikati, kainamisha kichwa kwa haya, mkono wake umo mkononi mwa Shiva, na upande wa pili kaka yake, mungu Vishnu, anamwoza. Mama aliinua miwani apate kuona vizuri, nikamkemea, akairudisha.

Mzee akaongeza kwamba kwenye sherehe ya kila mwaka, mwezi wa Chithirai, kati ya Aprili na Mei, mambo ni mengine. Kaka huyo, wanayemwita Alagar, hutoka kwenye hekalu lake vilimani, na akifika mto Vaigai amepanda farasi wa dhahabu anaambiwa harusi imekwisha. Hukasirika, asiingie mjini. Maelfu humngoja mtoni waone amevaa hariri ya rangi gani, maana kijani ni dalili ya mavuno mema.

"Mbona kwenye jiwe yupo?" mama akauliza.

Mzee akaeleza kwamba zilikuwa sherehe mbili mbalimbali, ya watu wa Shiva na ya watu wa Vishnu. Katika karne ya 17 mfalme Tirumalai Nayak akaziunganisha ili watu washerehekee pamoja.

Mama hakuridhika. Kaka wa bibi harusi harudishwi njiani hivihivi, na waliopaswa kumpelekea taarifa mapema ni wa nyumbani. "Mie ningemfuata hukohuko mtoni na sinia la pilau."

Hilo sikumtafsiria mzee. Pilau ya mama ni ya nyama ya ng'ombe.