Zimwi lilikuwa linasoma

Jumamosi imepita siku nne na bado nalisikia neno la mpwa wangu. Wiki hii uhamisho wangu wa Dodoma umethibitishwa, shemeji naye amejifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillahi. Lakini nikifumba macho usiku narudi pale mezani, chini ya mwembe.

Tulikuwa tunacheza mchezo wetu wa hadithi na dadu: mimi nasimulia na kuwaendesha mazimwi, mpwa wangu na mdogo wake ndio wasafiri. Walikuwa wamefika darajani. Mliofuatilia habari za pango la chumvi mnajua tumelingoja daraja hilo tangu kabla ya Ramadhani. Zimwi likaibuka majini. Nikainamia kompyuta: uhai 84, kila zamu linajiponya pointi 10, isipokuwa likiunguzwa kwa moto au tindikali. Nikafungua faili hili, nikafungua lile, skrini ikazima, nikaiamsha. Kuinua kichwa, mdogo wake anajenga mnara wa dadu. Mpwa wangu mkubwa akaniuliza taratibu:

“Mjomba, zimwi lilikuwa linatutazama sisi, au lilikuwa linasoma?”

“Nilikuwa natafuta kanuni.”

“Mbona zamani ulikuwa hutafuti?”

Hakunisuta. Aliuliza kwa upole ule ule anaoulizia kila kitu. Ningemjibu nini? Kwamba humo kwenye kompyuta nalipata mara moja jina la yule mwenye nyumba ya wageni waliyemwachia punda mwezi wa tatu? Ni kweli, na faida hiyo siiachi. Ila hakuniuliza habari za punda.

Jana usiku nikaitoa kaunta buku ya zamani, kurasa zimelowa mafuta ya bagia. Zimwi la kwanza kabisa limo: 84, 66, 76, 51, 61, namba za uhai wake zimekatwa moja moja, kisha 38, 17, sifuri. Baada ya ile 61 ndipo mpwa wangu alipokumbuka mwenge! Na kwenye ramani, akiwa darasa la tatu, alichora mlango ambao mimi sikuuweka. Siku ile niliuacha, wakaufungua, na pango la chumvi likazaliwa humo. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaamka. Kwenye faili angechora wapi?

Basi nikaandika ya Jumamosi ijayo kwa mkono, ukurasa mmoja, mpaka saa saba usiku. Kompyuta itakaa sebuleni; nikikwama jina, mdogo wake atakimbia kunitafutia. Pembeni mwa ramani nimeacha nafasi tupu.

Mama hapokei simu tangu jana jioni. Jirani yake anasema ni chaji tu. Juzi alilalamika kifua.