Mgeni wa Alhamisi

Nafundisha fizikia katika shule ya kata huku milimani, wilayani Lushoto. Kwa miaka nilikuwa nawauliza wanafunzi wangu wanataka kuwa nani, nao walinijibu vilevile: daktari, rubani, mwanasheria. Nikiwauliza kama kuna aliyewahi kuongea na rubani, darasa zima kimya. Daktari mwenyewe walikuwa wamemwona tu siku walipokuwa na homa, na siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu za kumuuliza alisoma nini.

Jambo hilo lilinisumbua zaidi kila wanafunzi walipoingia kidato cha tatu, maana hapo ndipo walipochagua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Walikuwa wanaamua kwa kusikia. Wasichana wenye akili nzuri kabisa waliiacha fizikia kwa sababu dada wa jirani aliwaambia ni ngumu, basi. Nikaona kwamba maneno yangu peke yangu hayatoshi. Wanahitaji kumwona mtu aliyepita njia hii hii yenye matope, akafika mahali.

Mara ya kwanza nilikosea. Tulimwalika mtu mkubwa, wa kuitwa mheshimiwa. Wanafunzi walifyeka nyasi tangu juzi yake, wakapanga mawe ya njiani na kuyapaka chokaa. Saa nne wakawa mstarini. Mgeni alifika saa saba kasoro, akawahimiza wasome kwa bidii, akaahidi kompyuta, akapiga picha, akaondoka. Hakuna swali lililoulizwa. Jioni msichana mmoja wa kidato cha pili akanifuata, "Mwalimu, yule baba alisoma wapi?" Sikuwa na jibu. Siku nzima ya masomo ilikuwa imepotea, na jambo moja tu ambalo mtoto alitaka kulijua, hakuna aliyemwambia.

Nikaanza upya, safari hii na daftari. Niliandika jina la kila mtu ninayemfahamu aliyesoma shule yetu, au za jirani, na sasa anafanya kazi ya maana ndani ya wilaya. Nilidhani nitapata watano. Wazee wa kamati, wauza duka wa Soni na kondakta mmoja wa basi la Mombo waliniongezea, orodha ikajaa kurasa mbili: mpima ardhi, muuguzi, mtaalamu wa maabara, bwana shamba, fundi umeme, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, askari wa misitu. Watu tunaopishana nao sokoni kila siku.

Mkuu wa shule alinipa vipindi viwili vya Alhamisi mchana, vya debeti, dakika themanini jumla. Kila mgeni aliandikiwa barua rasmi, na nakala ikaenda kwa afisa elimu kata. Hatukulipa posho. Tulitoa nauli ya bodaboda, chai na viazi vya kuchemsha, fedha tukichangishana walimu. Na hatukumwacha mgeni peke yake na mwanafunzi, wala kubadilishana namba za simu. Aliyetaka kumwandikia mgeni aliandika barua, nami nikaipeleka. Hilo silegezi, hata mgeni awe ndugu yangu.

Kabla ya siku yenyewe nilimtembelea kila mgeni nyumbani au kazini. Nilimwomba azungumze dakika ishirini tu, muda uliobaki ni wa maswali. Nilimwomba aje na kifaa kimoja anachokitumia kazini. Na nilimwomba awaeleze wanafunzi mahali aliposhindwa, si alipofaulu tu. Hili la mwisho liliwatia wengi wasiwasi, na ndilo lililozaa matunda kuliko yote.

Mgeni wa kwanza alikuwa mama wa maabara. Alianza kwa Kiingereza, kwa heshima ya kibao chetu cha ukutani kinachoamuru Kiingereza tu. Wanafunzi wakamtazama kama picha. Nikainuka nikamwomba mkuu wa shule, mbele ya wote, aturuhusu Kiswahili kwa hizi dakika themanini. Akakubali. Yule mama akashusha pumzi, akaanza tena kwa salamu ya Kisambaa, darasa likacheka kwa furaha. Akasema, "Mtihani wa hesabu wa kidato cha pili nilipata kumi na tisa kwa mia. Baba aliniambia nirudi shambani." Hapo hata waliokuwa wakichora chora nyuma walinyanyua vichwa.

Maswali niliyakusanya siku moja kabla, yameandikwa kwenye vikaratasi bila majina, ndani ya boksi la chaki. Nilifanya hivyo kwa ajili ya wasichana, ambao wakisimama kuuliza huchekwa. Boksi likajaa. Hakuna aliyeuliza habari za ndoto wala mafanikio. Waliuliza: Nauli ya kwenda chuoni ulipata wapi? Ulikaa kwa nani? Damu ya watu haikutishi? Mume wako alikubali usome? Mama akayajibu yote, la nauli akalijibu kwa senti: mbuzi wawili waliuzwa, na shangazi akaongezea.

Kisha akaweka hadubini mezani na kioo chenye damu iliyotiwa rangi. Wakapanga foleni. Msichana mmoja alipoviona vimelea vya malaria aling'ang'ania pale, wenzake wakimvuta sketi, yeye anasema tu, "Ngoja, ngoja kwanza."

Mgeni aliyeleta ubishi ofisini ni mama wa mboga. Alimaliza kidato cha nne kwetu, hakuendelea, leo anapakia kabichi na karoti kwenye Fuso kwenda soko la Ilala, Dar es Salaam. Mwenzangu alinung'unika kwamba tunawaletea watoto muuza kabichi. Mimi nilikuwa nimekiona kitabu chake cha hesabu: bei ya shambani, mafuta, ushuru, mzigo ulioharibika, kila safari na ukurasa wake. Nikasimama na mgeni wangu.

Alipomaliza kuzungumza, mvulana mmoja mpole akainua mkono, "Samahani, mama. Kwa nini kabichi za katikati ya gari zinaoza kabla ya za pembeni?" Darasa likaangua kicheko. Kabichi! Kijana akakaa, uso chini.

Nikawasimamisha. Nikawaambia kuhusu Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, kwenye milima hii hii. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Kwa kuwahi nafasi kwenye friji, Mpemba aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akamuuliza swali lilelile, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akalipima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na wanafizikia bado wanabishana juu yake.

Katika darasa lile, hawakufika hata watano waliokuwa wakilijua jina hilo. Magamba wanaipita wakienda kusalimia ndugu.

Mama wa mboga alikuwa amesimama tu akisikiliza. Akasema, "Mwanangu, mimi nimepakia kabichi miaka kumi na moja na sijui. Nilidhani ni uzito. Nitatazama." Akaandika swali kwenye kile kitabu chake, chini ya hesabu za safari iliyopita.

Kabla ya safari yake iliyofuata nikamwazima vipimajoto viwili vya maabara yetu, nikamwonyesha namna ya kusoma. Wiki tatu baadaye alirudi, si Alhamisi, Jumatatu asubuhi, wakati wa paredi. Alikuwa amefunga kipimajoto kimoja katikati ya mzigo na kingine pembeni, na Mombo, Segera na Chalinze alikuwa amemsimamisha dereva ili asome. Katikati kulikuwa na joto zaidi kila mara, na tofauti ilizidi kadiri safari ilivyoendelea. Kabichi iliyokatwa bado inapumua, na inapopumua inatoa joto. Ikibanwa chini ya turubai, joto lile halina pa kutokea.

Akamwita yule mvulana mbele ya mstari, akampa kitabu asome namba mwenyewe. Kijana akazisoma kwa sauti ndogo. Kisha akageuka kwangu akauliza, "Mwalimu, tukiacha upenyo katikati ya mzigo, itakuwaje?"