Kabla ya kutafuta dawa, tulimtafuta mwenye kosa

Mdogo wangu alianza kuugua mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 19 na akisoma kidato cha tano mbali na kwetu Muheza, mkoani Tanga. Mwalimu mmoja alimrudisha nyumbani katikati ya muhula, akiwa hajalala kwa siku kadhaa, na jambo la kwanza mdogo wangu alilomwambia mama ni kwamba mtangazaji wa redio amekuwa akimtaja jina. Mama alisema ni malaria iliyompanda kichwani. Ninaikumbuka kauli hiyo kwa upole, kwa kuwa ndiyo maelezo pekee yaliyowahi kutolewa nyumbani kwetu ambayo hayakumlaumu mtu yeyote. Mbu hana ukoo, wala hana kijicho. Kipimo kilipoonyesha kwamba hana malaria, tulianza kumtafuta mwenye kosa, na kazi hiyo ilituchukua miezi 14.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mgonjwa mwenyewe. Shuleni walisema ni bangi. Baba alilipekua tranka lake mpaka chini asione kitu zaidi ya madaftari, sabuni na shati jipya, lakini neno lilikwisha kutoka na mtaa mzima ulikuwa nalo. Sitaki kudai kwamba bangi haina madhara yoyote, kwa sababu kwa kijana anayeianza mapema na kuivuta kwa wingi huongeza hatari ya maradhi haya, yaani skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo ya kweli. Ninachokiuliza ni kwa nini tulihitaji kwanza kujua kama alivuta. Kwetu mtu akianguka mchungwani akavunjika mguu, watu hukimbilia pikipiki wamwahishe hospitali, na hakuna anayesimama pale kumwuliza nani alimtuma apande.

Baada ya bangi ilikuja zamu ya uchawi. Mganga tuliyempata alipiga ramli, na nilipokuja kuyatafakari mazungumzo yale miaka mingi baadaye, niligundua kwamba yeye aliuliza maswali tu, majibu tulimjazia sisi. Je, yupo mwanamke wa upande wa baba? Yupo. Je, alimpa kijana chochote kabla ya safari? Mama alikumbuka shati. Shati lile lilinunuliwa na shangazi yetu, dada yake baba, mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa kando ya barabara na ambaye nusu ya ada ya mdogo wangu ilitoka katika kapu lake. Jioni ile shati lilichomwa nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alibaki kwa mganga, mguu mmoja ukiwa umefungwa mnyororo kwenye nguzo, na ili kulipia matibabu hayo baba aliuza kipande cha shamba chenye michungwa iliyokuwa ikizaa vizuri.

Ni rahisi kuwacheka wazazi wangu, na mimi niliwahi kuwacheka kwa ukali wa mtu aliyesoma. Siku hizi ninaelewa walichokinunua kwa shamba lile. Mganga alikuwa mtu wa kwanza kumwambia mama kwamba kosa si lake na kwamba mwanawe hana hatia, wakati daktari wa kwanza aliyemwona mdogo wangu alianza kwa kuuliza, bila kuinua macho kwenye faili, kama katika ukoo wetu yupo mwingine mwenye wazimu. Lilikuwa swali halali la kitabibu, maana ndugu wa mgonjwa wa skizofrenia wana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine wa kuugua, ingawa wengi wao hawaugui kamwe. Mama, hata hivyo, alilisikia kama shutuma dhidi ya tumbo lake. Isitoshe, nilikuwa na dada aliyekwisha kuposwa. Kijana aliyerogwa hauchafui ukoo, bali mgonjwa anayeurithi ugonjwa huwafungia milango dada zake, na upande wa pili hutuma watu wa kupeleleza kabla ya mahari kupokewa. Posa ile ilivunjika, licha ya uchawi wote tuliokuwa tumeusingizia.

Kuwalaumu akina mama, kwa kweli, hakukuanzia kwetu. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann, aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliandika juu ya mama ambaye kwa tabia na malezi yake humsababishia mwanawe skizofrenia, na kwa miaka mingi baadaye wanawake wa huko waliisikiliza hukumu hiyo kutoka kwa wataalamu wenye vyeti ukutani. Miongoni mwa Waganda, ugonjwa wa akili unaompata mzazi baada ya kujifungua huitwa amakiro, na kwa desturi husemwa kwamba mwanamke huyo, au mumewe, alizini wakati wa ujauzito. Sisi huuita kichaa cha uzazi, na nimeisikia tuhuma hiyohiyo ikinong'onwa kwenye baraza zetu.

Jambo lililonisaidia kuelewa ukali wa msako wetu ni umri. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, skizofrenia humpata takriban mtu mmoja kati ya 300, na kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Huo ndio umri ambao familia imekwisha kuuza mbuzi na kukopa kwa ajili ya mtoto mmoja, na sasa inasubiri. Ugonjwa unapoingia wakati huo hauonekani kama maradhi, huonekana kama wizi, na panapoibwa kitu watu humtafuta mwizi. Ndiyo maana kwa mgonjwa mzee wa kusahausahau hatukuwahi kupiga ramli.

Kibaya zaidi ni kwamba msaada haukuwa mbali. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, katika milima ya Korogwe, imekuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ilipogeuzwa kutoka makao ya watoto waliookolewa utumwani. Jina hilo tulilijua tangu utotoni, lakini tulilijua kama tusi la kutupiana tukicheza, kama ambavyo nchi nzima inavyolitumia jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Baba aliposhauriwa amfikishe kijana wake mahali kama hapo, alijibu kwamba mtoto wake si kichaa, amechezewa tu. Hatimaye mjomba mmoja, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu, alimfungua mnyororo na kumpeleka hospitali ya mkoa.

Alianzishiwa sindano ya kila mwezi. Sauti zilipungua, usingizi ukarudi, na mwili ukakakamaa; mikono ilitetemeka, mate yalimtoka, akawa anatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Majirani waliokuwa wakimwogopa kwa kelele zake sasa walimwonyesha kidole kwa ukimya wake, wakasema dawa za wazungu zimemfanya zezeta. Ilibidi apunguziwe dozi na kuongezewa kidonge cha kulegeza misuli, jambo ambalo lingeweza kufanyika mapema kama tungejua kwamba hayo ni madhara ya dawa yanayotibika.

Leo anatengeneza baiskeli chini ya mwembe, na ni fundi mzuri. Mtaa humwita "yule kichaa wa baiskeli", hata wale anaowaziba pancha kwa mkopo. Linalomwuma zaidi, aliniambia, si jina hilo. Ni kwamba hana tena haki ya kukasirika. Mteja akimdhulumu naye akapaza sauti, mtu humwuliza, "Vipi, leo hujameza dawa?" na hoja yake huishia hapo, kisha hata sisi wa nyumbani humtazama machoni kwa sekunde mbili zaidi kabla ya kuuliza amedhulumiwa nini.

Shangazi hakukanyaga kwetu kwa miaka mitano. Mwaka 2014 baba alikwenda kwake na wazee wawili kuomba radhi, naye aliwapokea, akawapikia, akasema yamekwisha. Tangu hapo huja kila sikukuu na kuketi barazani, na mdogo wangu ndiye humpelekea chai. Zamani hakuweza kupita kwetu bila machungwa kwenye upande wa khanga. Sasa huja mikono mitupu, na siku moja mama alipomtania kwamba amekuwa bahili, alijibu kwa utulivu kwamba anachelea mtoto asije akaumwa tumbo baada ya yeye kuondoka.