Kuziba mashua: pamba, deheni na gundi za dukani

Mwaka wa kwanza nilipomiliki mashua yangu hapa Nungwi, niliipasua mwenyewe kwa kuiziba vibaya. Dukani niliambiwa kuwa epoksi haipitishi maji hata tone moja, na maneno hayo ni ya kweli. Basi nikakwangua kalafati yote ya zamani, yaani pamba iliyoziba mianya, nikajaza epoksi katika mianya ya mbao kuanzia mkukuni, uti wa chini wa mashua, hadi ukingoni, nikapiga msasa mpaka huwezi kuona ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Kaskazi ilipoingia mashua ilikaa juu ya mchanga kwa wiki tatu, na mbao zikanywea kwa jua. Tuliporudi majini zikavimba tena, zikasukumana, na kwa kuwa epoksi haikubonyea hata kidogo, ubao wa tatu kutoka mkukuni ukapasuka kwa urefu wa mkono mzima. Ufa haukupita penye gundi. Ulipita pembeni yake, ndani ya ubao wenyewe.

Fundi aliyekuja kuutazama ni mzee ambaye pwani nzima humwita Babu. Alitia ukucha katika ufa ule, akaufuata hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, kalafati lazima iwe laini kuliko ubao. Ukiweka kigumu, kitakachoshindwa ni ubao." Miaka yote niliyoitunza mashua hii tangu siku ile, sijaona kanuni ya kuchagua kizibio inayoishinda hiyo, iwe unazungumzia pamba na shahamu au kopo lililotoka ng'ambo.

Kazi yenyewe ya kalafati inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu wengi wetu tunaojifunza kwa kutazama tunadhani ni kushindilia pamba tu. Mwanya mzuri ni mwembamba kwa ndani na hupanuka kuelekea nje, ili pamba iingie kama kabari bila kutokea upande wa pili. Babu huisokota pamba pajani ikawa uzi mnene kidogo kuliko mwanya, huichovya katika mafuta ya nazi, kisha huilaza kwa vikunjo vidogovidogo na kuipiga kwa chembeu, yaani patasi isiyo na makali. Husikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Pamba ikiwa bado legelege, nyundo hutoa mlio mzito uliokufa. Ikishakaza, mlio hupanda na kuwa mkavu, na hapo husimama. Anayeendelea kupiga baada ya mlio ule hujitafutia hasara, kwa maana pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi huvimba ikilowa na huweza kuung'oa ubao kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua. Pamba ikimaliza kuingia, huachwa nafasi ndogo juu yake ya kutia puti, nayo ndiyo inayoilinda isioze wala isichomolewe na mawimbi. Kwa hiyo kinachozuia maji ni pamba iliyovimba, na puti au gundi ya juu ni mlinzi wake. Ukilielewa hilo, hutatarajia kopo lolote la dukani lifanye kazi ya pamba.

Sasa nije kwenye hayo makopo, kwa kuwa nayo yana mahali pake. Gundi ya poliyurithani hushika kwa nguvu sana na hubaki kama mpira, hivyo inafaa chini ya maji na inafaa juu ya pamba katika mbao mpya. Lakini ni gundi hasa: ukiitia chini ya kitu ambacho siku moja utataka kukifungua, utakivunja au utaung'oa ubao pamoja nacho. Kwa vifaa vinavyofunguliwa, kama vishikizo vya kamba na bamba la kufungia mashine ya nje, mimi hupendelea polisalfaidi, ambayo hushika kwa kiasi, huvumilia mafuta ya mashine, ila isiguse plastiki angavu za madirisha kwa sababu huzidhoofisha. Silikoni ndiyo ninayoiona ikitumiwa ovyo kuliko zote, kwa kuwa ni rahisi na inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Inafaa dirishani. Chini ya maji haifai, rangi haishiki juu yake, na ikishapakwa mahali huacha utando unaokataa karibu kila kizibio kitakachofuata mpaka uukwangue hadi kwenye ubao mpya. Epoksi niliyoilaumu hapo juu nayo haina kosa lake: kuunganisha vipande visivyotikisika, au kufunika chombo kizima kwa faiba ili ubao usilowe kabisa, hapo hakuna bora kuliko hiyo.

Jambo lisiloandikwa kwenye kopo ni bahari yetu. Siku za bamvua, yaani maji makuu, hapa Unguja maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Ukiipweleza mashua chini ufukweni, unapata saa nne au tano za kufanya kazi pakavu kabla maji hayajarudi. Muda huo unatosha kwa pamba na deheni, ile chokaa yenye shahamu. Hautoshi kwa poliyurithani, ambayo hukauka kuanzia nje kwenda ndani kwa kiasi cha milimita 3 kwa siku. Ikifunikwa na maji chumvi ingali mbichi ndani, hubanduka kama ngozi. Kwa hiyo nikitaka kuitumia, huielekeza mashua juu kabisa ya ufuko katika kilele cha bamvua, huitia gadi, miti ya kuiegemeza, kila upande, na kuiacha hapo wakati wa maji mafu ambapo bahari haiwezi kuifikia. Bamvua inayofuata, yapata siku kumi na nne baadaye, huja kuichukua yenyewe. Katika siku hizo mbao hufunikwa makuti mchana, kwa sababu kuziba mwanya uliotanuliwa na jua ni kupima nguo kwa mtu aliyekonda kwa homa.

Lakini kabla ya kununua kopo lolote, mwenye chombo cha zamani ajiulize kimepakwa nini miaka yote. Ubao ulionyweshwa sifa (mafuta ya maini ya papa), mafuta ya nazi na shahamu kwa muda mrefu hauwezi kushikana na gundi ya kisasa hata ukiusugua kwa asetoni, kwani mafuta hupanda tena kutoka ndani. Chombo cha namna hiyo kiendelee na njia yake: pamba yenye mafuta, kisha deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu mpaka ikawa kama unga uliokandwa, hupakwa kwa kiganja chini ya mstari wa maji. Juu ya mstari huo ndipo mahali pa sifa, ingawa sifa safi imekuwa adimu kwa kuwa papa wenyewe wamepungua. Wapo wanaopaka oili chafu ya injini badala yake. Nawaomba waache: huchafua maji tunayovua, na hukifungia chombo kile mlango wa gundi za kisasa.

Katika matunzo ya kila siku, adui mkubwa ni maji ya mvua kuliko ya bahari. Maji matamu yakituama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, huozesha mbao, ilhali chumvi huzuia ukungu unaoziozesha. Ndiyo maana masika mimi huikumba mashua, yaani huyatoa maji, kila baada ya mvua na kuisuuza kwa maji ya bahari. Jua likiwa kali huimwagia maji hayohayo ndani asubuhi na jioni ili mianya isifunguke. Kila miezi miwili huikwangua magamba na kuipasha moto tumboni kwa mienge ya makuti, moto unaolamba tu bila kuunguza, ili kuua wadudu wanaotoboa mbao kabla ya deheni mpya. Misumari nayo huiangalia: michirizi ya kutu chini ya kichwa cha msumari maana yake ni kwamba maji yamekwisha kupita. Msumari mpya huviringwa pamba iliyolowa mafuta shingoni kabla ya kupigiliwa, nayo hubanwa chini ya kichwa na kuziba tundu.

Kuvuja kusikoonekana hutafutwa kwa kinyume. Mashua ikiwa juu ya gadi, mimina ndoo chache za maji ya bahari ngamani, usijaze, kisha zunguka nje ukiwa na kipande cha chaki. Tone hutokea lilipo tundu, na hapo tia alama mara moja, maana ubao ukishalowa wote huwezi tena kupatambua. Mara ya mwisho nilikuta alama tano, tatu kati yake zikiwa kwenye misumari.

Siku ya kurudishwa majini, chombo kilichokaa juu kitavuja hata kikizibwa na fundi bora, mpaka mbao zivimbe. Mimi hulala ndani usiku huo, nikichora mstari kwenye taruma panapofika maji na kuyakumba kila saa mbili. Safari iliyopita nilitoa upo arubaini, yaani vikumbio arubaini vya maji, usiku wa kwanza, tisa usiku wa pili, na usiku wa tatu upo ulikwaruza ubao mkavu.