Waya wa mota ya X uliokuwa ukikatika ndani kwa ndani

Kwenye mashine ya kukereza tuliyoigeuza kuwa CNC (inayoendeshwa na kompyuta) hapa Kariobangi, Nairobi, mota ya mhimili wa X, ile inayosogeza kisu ndani na nje na inayobebwa na keriji (kigari cha kisu), ilikuwa ikipoteza hatua, yaani haizunguki kiasi ilichoamriwa, kila keriji ilipokaribia mwisho. Nikaunga mita ya umeme kwenye waya wake: keriji ikisimama, mita inalia vizuri, yaani waya ni mzima. Ukiisukuma kwa mkono, mlio unakatika. Ganda zima, shaba imekatika pale palipokazwa tai ya plastiki ya kufungia waya. Ulikuwa waya wa nyumba, wa uzi mmoja mnene, na huo haufai kabisa kwa kitu kinachotembea.

Nikaweka kebo laini ya nyuzi nyembamba, nyaya nne za 0.75 mm², unene wa mm 7, ndani ya mnyororo wa plastiki wa kubebea kebo. Kebo inayojikunja mfululizo hutaka kona yenye nusu kipenyo cha angalau mara 10 ya unene wake, yaani mm 70, kwa hiyo nimeweka mm 75. Keriji hutembea mm 600. Ncha ya mnyororo isiyosogea nimeifunga katikati ya mwendo huo, kwa hiyo urefu wa mnyororo ni nusu ya mwendo, mm 300, jumlisha mm 236 za nusu duara, na pingili mbili za akiba. Ukiifunga pembeni, ongeza mm 300 nyingine.

Ndani ya mnyororo usikaze tai hata moja. Kebo ilale huru, ibanwe kwenye ncha mbili tu. Juu weka bati, maana vinyoleo vya moto hutoboa ganda.

Swichi za mwisho (zinazosimamisha keriji ikifika ukingoni) ziunge kwa mguso uliofungwa, yaani umeme upite wakati swichi haijabonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame. Na usichomoe mota wakati draiva (kifaa cha kuilisha umeme) ina umeme, draiva inaweza kuungua.