Tuta Ndilo Lililoniamulia Msingi wa Daraja

Sampuli ya kwanza iliyotolewa kwenye kina cha mita 4 ilinitahadharisha mapema: nilibonyeza udongo ule wa mfinyanzi kwa kidole gumba, nao ukaingia bila kupinga, ukaacha kishimo kinachong'aa maji. Tabaka hilo lilikuwa na unene wa mita 9, na chini yake palikuwa na mchanga mgumu. Juu yake nilitakiwa kusanifu daraja lenye nguzo moja ya kati na mihimili ya mita 20 kila upande.

Nilianza kwa kupigia hesabu misingi mipana isiyo ya kina, kwa kuwa ina gharama ndogo na udongo ungeweza kuibeba bila kumeguka. Lakini kutomeguka si kutotitia. Nguzo ya kati ingetitia takribani sentimita 10, ilhali ncha za daraja, ambako tuta la barabara lenye kimo cha mita 4 lingekandamiza ardhi kwa shinikizo la kilopaskali zipatazo 80, zingeshuka karibu sentimita 35. Tofauti ya sentimita 25 katika mita 20 ni uwiano unaozidi 0.012, wakati mwongozo wa AASHTO, chama cha maofisa wa barabara kuu na uchukuzi cha Marekani, unaweka kikomo cha 0.008 kwa mihimili iliyokatwa juu ya nguzo, na 0.004 kwa mhimili usiokatika.

Basi nikaamua kutumia paili za zege, yaani nguzo ndefu zinazopigiliwa ardhini, zinazofika kwenye mchanga. Hata hivyo, paili ikisimama imara huku mfinyanzi unaoizunguka ukititia kwa uzito wa tuta, udongo huo huing'ang'ania ubavuni na kuikokota chini, ikabeba mzigo usiotoka kwenye daraja. Kwa hiyo nilisisitiza, mbele ya wenzangu waliotaka kuokoa muda, kwamba tuta litangulie, mfinyanzi utitie kwanza ndipo paili zifuate. Kwa kuwa muda wa kutitia hufuata mraba wa umbali ambao maji husafiri kutoka udongoni, kungoja kwa karibu miaka 9 tulikufupisha hadi miezi 10 kwa kuzamisha mifereji ya wima, inayofupisha safari hiyo ya maji, kila baada ya mita 1.5 na kurundika kifusi cha ziada juu ya tuta.

Kila wiki nilisoma mwenyewe vipimo vya bamba zilizofukiwa chini ya tuta, na sikuruhusu paili hata moja kupigiliwa mpaka mchoro wa vipimo ulipolala karibu bapa. Miaka miwili baada ya daraja kufunguliwa, nguzo ya kati ilikuwa imeshuka milimita 8 na ncha milimita 11.